Chanda Chema na Pete Iliyochelewa

(Mazungumzo ya wiki iliyopita, kama yalivyosomwa redioni)

Wahenga walituachia msemo kwamba chanda chema huvikwa pete. Tumezoea kuusema harusini, na tumezoea kuusema mtoto anapofaulu mtihani. Leo naomba tuutazame kwa jicho la pili, kwa sababu wahenga hawakutuambia ni nani anayeivika hiyo pete, wala hawakutuambia chanda chenyewe kingoje kwa muda gani.

Majuma mawili yaliyopita niligusia, tena kwa kupita tu, habari ya mji mmoja mdogo wa Ufaransa uliojenga jumba la makumbusho na kulipa jina la mchongaji sanamu mmoja. Kesho yake bwana mmoja alinisimamisha kituo cha basi. Baada ya salamu akaniuliza: "Mzee, mji mzima kuhangaikia sanamu za mtu mmoja, tena marehemu, kuna faida gani?" Basi lake lilikuwa limekwisha kufika, nikamwahidi kwamba nitamjibu hewani. Ahadi ni deni, na leo nalilipa.

Mji wenyewe unaitwa Nogent-sur-Seine. Uko kando ya mto Seine, kiasi cha kilomita mia moja kusini-mashariki ya Paris, na wakazi wake ni kama elfu sita tu. Ni mji wa vinu vya unga na wa kituo cha umeme wa nyuklia. Si mji ambao mgeni angetazamia kukuta sanaa. Hata hivyo tarehe 26 Machi, 2017, ulifungua milango ya jumba la matofali linaloitwa Makumbusho ya Camille Claudel. Humo mna kazi zake kiasi cha arobaini, na hakuna mahali pengine duniani penye nyingi zaidi.

Camille Claudel alikuwa nani? Alizaliwa tarehe 8 Desemba, 1864, katika kijiji cha Fère-en-Tardenois, kaskazini-mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, na kama walivyo watumishi wa serikali popote, alihamishwa hamishwa. Mwaka 1876 uhamisho ukamleta Nogent pamoja na mkewe na watoto watatu: Camille, mdogo wake Louise, na kitinda mimba Paul, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi mashuhuri na balozi wa Ufaransa. Walikaa mjini hapo miaka mitatu tu, hadi 1879. Nyumba waliyokaa bado ipo, nayo imeunganishwa na jengo jipya ikawa sehemu ya makumbusho hayo.

Miaka mitatu si mingi, lakini kwa mtoto wa miaka kumi na miwili inatosha kuamua maisha. Camille alikuwa akicheza na udongo wa mfinyanzi. Aliwafinyanga ndugu zake, akawafinyanga mashujaa aliowasoma vitabuni. Na bahati ilimkuta mahali pake, kwa sababu Nogent, pamoja na udogo wake, ulikuwa na wachongaji. Mmoja wao alikuwa Alfred Boucher, mtoto wa mtunza bustani. Baba yake alimfanyia kazi mchongaji Marius Ramus, na humo bustanini ndimo kijana Boucher alimoonekana kuwa na kipaji, akasomeshwa. Mtu aliyeokotwa na wengine huwa mwepesi wa kumwokota mwingine. Boucher alipoonyeshwa kazi za binti Claudel, alimwambia baba kwamba huyu si wa kuachwa.

Hapa naomba tutue kidogo, nieleze kazi ya sanamu yenyewe, maana bila hivyo mambo mengine hayataeleweka. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kufinyanga. Udongo mbichi huongezwa kidogo kidogo, na ukikosea unabandua na kuanza upya. Ya pili ni kuchonga. Hapo fundi huchukua jiwe, aghalabu marumaru, akalipunguza kwa tindo na nyundo, na kilichokwisha kukatwa hakirudi. Ya tatu ni kusubu. Sanamu ya udongo hutolewa nakala kwa plasta, na kutokana na plasta hiyo mafundi hutengeneza kalibu, kisha wakamimina humo shaba nyeusi iliyoyeyushwa. Ikipoa, kalibu huvunjwa, na sanamu ikapigwa tupa na kupakwa dawa mpaka ipate rangi yake.

Tofauti ya njia hizi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sanamu ya udongo ikianguka imekwisha. Ya plasta ikipigwa nyundo inakuwa vumbi. Ya marumaru ni moja, na ukiitaka ya pili huna budi kuichonga upya. Lakini ya shaba huweza kusubiwa zaidi ya mara moja, na siku hizi sheria ya Ufaransa inakubali nakala kumi na mbili kuhesabiwa kuwa kazi halisi ya mwenyewe. Naomba mliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Haya, twende Paris. Mwaka 1881 mama na watoto walihamia huko, baba akabaki kazini mikoani akiwatumia fedha. Camille alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, karibu kumi na saba. Chuo kikuu cha sanaa cha serikali kilikuwapo, lakini hakikupokea wanawake. Kilianza kuwapokea mwaka 1897, wakati Camille alikuwa na miaka thelathini na miwili. Kwa hiyo alikwenda shule ya kulipia, iliyoitwa Colarossi, akapanga karakana pamoja na wasichana wenziwe, baadhi yao Waingereza. Boucher alikuwa akipita kuwasahihisha. Alipopata tuzo na kwenda Italia, alimwomba rafiki yake ashike nafasi yake. Rafiki huyo alikuwa Auguste Rodin.

Jina la Rodin nadhani wengi mmelisikia, hata kama ni kwa ile sanamu ya mtu aliyeketi akishika kidevu na kufikiri. Alimzidi Camille miaka ishirini na minne. Alimwona kuwa fundi, akamchukua katika karakana yake mnamo 1884. Huko Camille alifinyanga mikono na miguu ya sanamu kubwa za mwalimu wake, na ajuaye kazi hii atakwambia kwamba mkono ni mgumu kuliko uso. Wakapendana pia. Lakini Rodin alikuwa na mwanamke mwingine nyumbani, Rose Beuret, aliyeishi naye tangu ujana, na hakuwa tayari kumwacha. Mapenzi hayo yalivunjika mnamo miaka ya 1892 na 1893, na mwaka 1898 hata mazungumzo yakakatika.

Watu wengi wakisimulia habari za Bibi Claudel huishia hapo kwenye mapenzi. Mimi nakataa kuishia hapo, kwa sababu jumba lile la Nogent halikujengwa kwa ajili ya mapenzi. Lilijengwa kwa ajili ya kazi. Basi tuitazame kazi.

Kuna sanamu iitwayo Waltzi, ya mwanamume na mwanamke wanaocheza dansi. Wameinama upande mmoja kiasi kwamba ukiwatazama unataka kunyoosha mkono uwazuie wasianguke. Mwaka 1892 Camille aliiomba serikali imwagize kuichonga kwa marumaru. Mkaguzi wa sanaa aliisifu, lakini akasema wachezaji wako uchi na wako karibu mno. Akamtaka awavishe. Akamvisha mwanamke sketi inayozunguka kama wimbi, na sanamu ikazidi kuwa nzuri. Mkaguzi akaridhika na kuiunga mkono. Wakubwa wake wakakataa. Marumaru haikutoka. Rodin wakati huohuo alikuwa akichonga wapendanao walio uchi, na serikali ilikuwa ikimlipa.

Kuna nyingine iitwayo Umri wa Utu Uzima. Mwanamume wa makamo anavutwa na mwanamke mzee, na nyuma yao msichana amepiga magoti, mikono ameinyoosha, vidole vimekosa kumfikia kwa nafasi ndogo tu. Nafasi hiyo tupu kati ya mkono na mkono ndiyo sanamu yenyewe. Watu walisema ni Rodin, Rose na Camille. Huenda ni kweli, lakini ni habari pia ya kila mtu anayevutwa na uzee huku ujana ukimlilia nyuma. Mwaka 1895 serikali iliagiza plasta yake. Mwaka 1899 agizo la kuisubu kwa shaba lilitolewa, kisha likafutwa. Aliyekuja kuigharamia mwaka 1902 hakuwa waziri. Alikuwa kapteni mmoja wa jeshi kwa jina Tissier, kwa fedha zake. Nakala hiyo ya kapteni ndiyo iliyonunuliwa mwaka 1982 kwa ajili ya makumbusho ya Orsay, jijini Paris. Yule msichana apigaye magoti aliuzwa pia peke yake, kwa jina la Mwombaji, na yumo katika jumba la Nogent.

Humo Nogent imo pia marumaru ya Perseus na Medusa, ndefu karibu mita mbili, aliyoimaliza mwaka 1902 akisaidiwa na mchongaji Pompon. Ni hadithi ya Wayunani wa kale. Kijana amemkata kichwa jini mwenye nyoka badala ya nywele, amekiinua juu na anakitazama kwa kioo, maana akimtazama jini machoni atageuka jiwe. Wengi waliotazama uso wa jini huyo waliuona uso wa Camille mwenyewe.

Wakati huo alikuwa ameanza kuzama. Tangu 1899 aliishi chumba cha chini, kando ya mto, katikati ya Paris, pamoja na paka zake. Madirisha yalifungwa mchana. Marumaru ni ghali, na mchongaji, tofauti na mshairi, hawezi kufanya kazi bila mtaji. Alikuwa na madeni. Akaanza kuamini kwamba Rodin ana genge linalomwibia mawazo na kutaka kumwua. Tuseme ukweli, ndugu zangu. Alikuwa mgonjwa, na kumficha ugonjwa wake si kumheshimu. Kila majira ya joto alishika nyundo akavunja plasta alizozifanyia kazi mwaka mzima. Hatutajua kamwe ni ngapi zilizopotea.

Tarehe 2 Machi, 1913, baba yake alifariki. Ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Camille hakuarifiwa. Tarehe 10 Machi, siku nane tu baadaye, watu walikuja wakamchukua na kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Sheria ya wakati huo, ya mwaka 1838, iliruhusu hivyo. Ombi la familia na cheti cha daktari vilitosha, hakimu hakuhitajika. Mwaka 1914, kwa sababu ya vita, walimhamishia kusini, hospitali ya Montdevergues karibu na mji wa Avignon.

Akakaa huko hadi kufa kwake. Jumla ni miaka thelathini. Mwaka 1920 daktari wake alimwandikia mama akishauri binti ajaribiwe kurudi nyumbani. Mama akakataa. Mama huyo alifariki mwaka 1929, na katika miaka yote hiyo hakwenda kumwona mwanawe hata siku moja. Paul, balozi, alikwenda mara chache, akitokea Tokyo au Washington. Camille aliandika barua akiomba atolewe. Udongo hakuugusa tena. Akafariki tarehe 19 Oktoba, 1943, akiwa na miaka sabini na minane, katika ile miaka ya vita ambamo maelfu ya wagonjwa wa akili wa Ufaransa walikufa kwa njaa mahospitalini. Alizikwa makaburi ya hospitali, na baadaye mifupa yake ikatiwa katika kaburi la pamoja. Leo hata ukitaka kuweka ua, huna pa kuliweka.

Sasa mlinganishe. Mwaka 1916 Rodin aliipa serikali kazi zake zote. Serikali ikampa jumba la kifahari jijini Paris, na makumbusho yake yakafunguliwa mwaka 1919. Mwalimu alipata makumbusho yake miaka miwili baada ya kufa. Mwanafunzi aliyafuata miaka tisini na minane baadaye. Lakini haki itendeke. Mwaka 1914, rafiki mmoja wa zamani alipopendekeza chumba kimoja katika jumba hilo kiwe cha kazi za Camille, Rodin alikubali. Yeye mwenyewe alijua thamani ya mikono ile.

Na sasa ndipo tunaporudi kwenye lile nililowaomba mliweke akilini, yaani shaba. Kama kila kitu kingekuwa cha plasta, leo nisingekuwa na la kuwaambia. Lakini kabla ya nyundo, mfanyabiashara wa sanaa Eugène Blot alikuwa amenunua haki ya baadhi ya sanamu hizo, akazisubu kwa ukubwa mdogo na kuziuza, na mwaka 1905 akazionyesha katika duka lake. Hazikumtajirisha. Zilitawanyika katika sebule za watu. Nyingine Paul alizihifadhi, na mwaka 1952 akatoa sanamu nne kwa makumbusho ya Rodin. Kisha kikaja kizazi cha tatu. Mjukuu wa Paul, Bibi Reine-Marie Paris, alianza kutafuta kazi za shangazi wa mzazi wake, moja moja, akazikusanya na kuandika kitabu cha maisha yake mwaka 1984. Mwaka huohuo yalifanyika maonyesho makubwa Paris, na mwaka 1988 ikatoka sinema ambayo mwigizaji Isabelle Adjani alicheza kama Camille. Jina likafufuka.

Mji wa Nogent ulikuwa na makumbusho madogo ya wachongaji wake tangu mwanzoni mwa karne ya 20, yenye majina ya Boucher na Paul Dubois. Mwaka 2008 ukapiga hatua na kununua mkusanyiko wa Bibi Reine-Marie Paris. Kisha ukajenga. Na nawasifu kwa namna walivyolipanga jumba lao. Mgeni hapelekwi moja kwa moja kwa Camille. Hupitishwa kwanza kwa Boucher, Dubois na wengine wa zama zile, akaona wanaume hao walivyofinyanga na walivyochonga. Akifika kwa Camille jicho limekwisha kufundishwa. Anaona mwenyewe kipi alikipokea na kipi ni chake, bila kuambiwa na mtu amwonee huruma.

Hivi karibuni limetokea jambo jingine. Mwaka 2024, dalali wa mnada aliitwa kuandika orodha ya vitu katika nyumba moja ya Paris iliyokuwa imefungwa miaka mingi. Akakuta kitu kimefunikwa kwa kitambaa. Alipofunua, ilikuwa nakala ndogo ya shaba ya Umri wa Utu Uzima, mojawapo ya zile za Blot. Mwezi Februari, 2025, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni tatu. Mwenyewe alipokuwa hai alikuwa akidaiwa kodi ya chumba.

Basi namjibu bwana wa kituo cha basi. Uliniuliza kuna faida gani. Faida ya kwanza ni ya mji wenyewe. Mji wa vinu vya unga sasa unajulikana, na wageni wanashuka pale kwenye gari moshi kwa ajili ya mtoto aliyekaa kwao miaka mitatu. Lakini mimi naitazama zaidi faida ya pili. Tumezoea kuamini kwamba kazi nzuri itajulikana yenyewe, na kwamba kilicho bora hakipotei. Hesabu tuliyoifanya leo inatukanusha. Kazi za Camille Claudel zilikuwa nzuri mwaka 1892, zikawa nzuri mwaka 1913, na zilikuwa nzuri zilipokuwa vumbi chini ya nyundo. Uzuri wake haukuziokoa. Zilizookoka ziliokolewa na kapteni aliyetoa fedha zake, na mfanyabiashara asiyepata faida, na ndugu aliyechelewa, na mjukuu aliyekuwa na subira, na halmashauri ya mji iliyokubali kununua. Ukimwondoa mmoja kati ya hao, kuna sanamu leo hazipo.

Chanda chema huvikwa pete, ni kweli, lakini pete haijivishi. Wa Camille alivuliwa hata vile alivyokuwa navyo, na waliomvika hakuwaona. Kwa hiyo, msikilizaji wangu, ukirudi nyumbani leo tazama ukutani na chini ya uvungu. Huenda ipo kazi ya shangazi yako, mkeka, chungu, au daftari la mashairi, nawe unamngoja mtu mwingine aje kusema kwamba ni nzuri. Andika jina lake nyuma, na mwaka, uiweke mahali pakavu. Na kama mwenyewe bado yu hai, nenda kamwamkie kabla hujamaliza wiki.